Wapitie Kwenye Rimu

Jumatatu saa nne asubuhi fundi alipiga magoti kwenye changarawe, nyuma ya gari la wagonjwa la kituo cha afya, akapima tairi jipya la spea kwa mpini wa ufagio. Liliposimamishwa lilimfika kifuani, na meno yake yalikuwa manene kama nusu tofali. Magurudumu manne ya gari lenyewe yalikuwa madogo, yale yale ya siku zote.

"Mkuu, hili haliwezi kufungwa mguu wowote wa gari hili," alisema.

Mkuu wa kituo, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alikuwa ameliona tairi kama hilo kwenye gari la wakaguzi, na tangu siku hiyo hakula akashiba.

"Ni la spea, fundi. Nani kakwambia ni la kutumia?"

"Na bawaba za mlango wa nyuma je? Zimetengenezwa kwa tairi dogo. Nipe siku mbili nichomelee mkono kwenye bampa, ubebe uzito, mlango uwe huru."

"Wakaguzi wanarudi kesho. Funga hapo hapo mlangoni."

Fundi akafunga. Boliti tano ndefu, nati tano, washa kwa kila nati, na kipande cha mpira katikati ili lisipige kelele. Alipoteremsha jeki, mlango nao ulishuka kidogo, kama bibi anayejikalisha kwenye kigoda, ukatulia. Haukufunguka tena. Wakaguzi walikuja, wakalipiga tairi picha, wakaenda zao.

Alhamisi mchana uchungu ulimshika binti wa fundi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mtoto alikuwa amelala kingamo. Mkunga alimpapasa tumbo akasema ni hospitali kubwa, na ni sasa hivi. Watu wanne waliuvuta mlango wa nyuma. Dereva aliegemeza mguu kwenye bampa, akavuta mpaka akapiga chafya. Kitanda kilikuwa huko ndani, na mlango mwingine wa kufikia kitanda haukuwapo. Fundi alileta spana, lakini nati zilikuwa zimekazwa na mtu anayeijua kazi yake.

"Baba," binti alisema, ameshika ubavu wa gari, "ulizikaza hivyo kwa ajili ya nani?"

Fundi aliirudisha spana kwenye nati ya kwanza.

Mkunga alikuwa akilitazama tundu la katikati ya rimu. Lilikuwa tundu la kutosha bilauri.

"Tumpitishe hapa," alisema. "Kichwa kitangulie. Vua ndala, mwanangu."

Wakampitisha. Kichwa kiliingia, mabega yakafuata, kisha tumbo, taratibu, kama mto unaoingia kwenye foronya. Nyuma ya rimu kulikuwa na bati la mlango, nalo likampisha. Mkunga akafuata na mkoba wake. Dereva aliwaambia waangalie matope, wasichafue tairi, akawasha gari.

Mtoto alikuwa amegeuka katika kule kupita. Alizaliwa njiani, kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Waliingia wawili, wakatoka watatu kwa tundu lile lile, na nesi wa mapokezi akaandika kilo tatu na robo.

Jumatatu iliyofuata fundi alikwenda ofisini, kofia mkononi.

"Mkuu, niruhusu nikate nati, nilitoe tairi. Mlango haufunguki."

"Mlango wa nini tena? Wewe mwenyewe umeupata ubabu kwa njia hiyo."

Tangazo likabandikwa kwenye kioo cha nyuma: WAGONJWA WAPITIE KWENYE RIMU. VIATU MKONONI. Wakapita wenye homa, akapita mwenye mguu uliovunjika, akapita na mwashi mmoja mnene ambaye kwanza aliambiwa aende akatembee kidogo. Mwezi wa pili mzee mmoja, fundi saa, alikwama mabegani, akakata roho akiwa nusu ndani, nusu nje. Mkuu alisikitika, akaagiza grisi.

Kila Ijumaa fundi huja na kopo. Hupaka ukingo wa tundu kwa kidole, pole pole, bila kuacha mahali pakavu. Binti yake humsubiri getini na mtoto mgongoni. Kisha fundi hufuta mikono, huchukua spana, na huzikaza nati zote tano.