Nilihitaji Moja Tu

Mchezo ule Violet nilimfundisha mimi. Naomba hilo lieleweke kabla hatujafika kwa Jovin.

Niliujulia chuoni, mwaka wa pili, kabla sijaacha. Watu waliucheza miaka elfu nne iliyopita. Nikachora vyumba ishirini kwenye boksi la sabuni, nikampelekea Violet kwao Rau. Kete zake maharage, zangu buni. Kila mtu ana punje zake nne za mahindi, zimepakwa wino upande mmoja. Unarusha, zikilala nyeusi tatu, unatembea tatu. Ukimkuta mwenzako njiani, unamrudisha mwanzo. Na kutoka mwishoni, lazima upate namba kamili.

Miezi miwili tulicheza wawili tu. Halafu Jovin akashuka mlimani. Jovin anaongoza wageni, ana koti jekundu aliloachiwa na Mjerumani, na meno yote yamekaa sawa. Siku hiyo nafika, namkuta kwenye kigoda changu, kashika buni zangu.

"Karibu, kaka Denis," ananiambia. Ananikaribisha!

"Huyu ana mkono mzuri jamani," Violet akasema.

Mimi nikishinda huwa anasema nimeiba.

"Jumamosi mdogo wangu ana kipaimara," akaendelea. "Mama kila siku ananiuliza naenda na nani. Kesho chezeni. Atakayeshinda naenda naye."

Alikuwa anatania? Sikungoja kujua. Nyumbani nikachukua maka peni, punje zangu mbili nikazipaka wino pande zote. Sasa hata nirusheje, nyeusi mbili lazima.

Kesho yake nilikimbia kama nina injini. Mbili, tatu, nne, tatu. Jovin nilimrudisha mwanzo mara tatu.

"Leo umelala kwa mganga?" akauliza.

"Mlimani hamfundishwi hesabu?"

Nikabaki na buni moja, chumba cha mwisho. Nilihitaji moja tu nitoke.

Nikarusha. Mbili. Tena. Tatu. Hapo ndipo jasho likanitoka, maana nilielewa. Mbili. Nne. Jovin anatambaa tu na maharage yake, moja, moja, mbili, huku ananipa pole. Pole!

Akatoa la mwisho.

Violet akachukua punje zangu, akazigeuza mojamoja kwa kidole. Jovin naye akaangalia pembeni, na hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Nikatoka hadi mpakani mwa kihamba chao, shamba lao la migomba, nikachuma jani la isale, nikamletea kwa mikono miwili. Uchaggani ukipewa isale husemi hapana. Hata mtu aliyekuchomea nyumba, unamsamehe.

Violet akalipokea, akalichomeka kwenye nywele.

"Nimekusamehe, Denis. Kabisa."

Nikavuta pumzi.

"Jovin," akasema, "Jumamosi saa mbili asubuhi uwe hapa. Na hilo koti ulifue."