Binti Aliyeomba Kuona Mshipa

Mbu wa Garsen na jirani yake Minjila hawaumi ovyo kama mbu wa kwingine. Wa kwetu hutua kwanza, akakuuliza habari za nyumbani, ndipo akanywa; na akishiba humwita mwenzake asije akalala njaa. Ndiyo maana maabara ya zahanati yetu hapa Garsen haikosi foleni. Kila asubuhi watu wamejipanga kwenye benchi la nje, wanangoja kutolewa ile damu kidogo iliyosazwa na mbu.

Mvua zilipokwisha, zahanati ikapokea mwanafunzi wa maabara. Jina lake Everline, mtu wa Budalang'i, kule Busia. Chuo chao huwapeleka wanafunzi mashambani wakazoee watu wenye damu, maana darasani hujifunzia kwenye mkono wa plastiki. Mkono wa plastiki una sifa zake. Haurukiruki, hausali kwa sauti, wala haukuulizi umeolewa.

Aliyekuwa akimfundisha hapa ni Rosina, mama wa kijiji cha Ngao, mkuu wa maabara. Rosina akiinamia hadubini yake akaangalia tone lako la damu, anaweza kukuambia ni usiku upi ulilala bila neti na nani aliichukua hiyo neti. Na Rosina, ambaye hasifu hata wali wa harusi, alimsifu Everline. Binti alikuwa anapaka damu kwenye kioo ikatandazika kama siagi, anaona vijidudu vya malaria vilivyojificha nyuma ya vingine.

Shida ilikuwa moja tu. Wagonjwa walikuwa wanamkimbia.

Si wote. Akina mama na watoto walikaa wakatolewa damu vizuri tu. Wanaume ndio waliokuwa wakiingia, wakazungumza naye maneno mawili matatu, halafu mlango unafunguka na mtu anatoka mbio huku ameshika suruali. Mkaguzi wa chuo naye alikuwa njiani kuja kumtahini. Mbele ya mkaguzi, Everline alitakiwa amkaribishe mgonjwa mtu mzima, amweleze anachotaka kufanya, mgonjwa akubali mwenyewe, kisha atoe damu. Akidunga mara mbili asiipate, ameanguka. Na akianguka anarudia mwaka, wakati nyumbani mdogo wake ameambiwa angoje dada amalize ndipo naye aende chuo.

Mimi haya nayajua kwa sababu benchi lile nililikalia kuliko mtu yeyote. Daktari alikuwa ameniandikia nikapimwe sukari. Nami ni mtu mkarimu. Zamu yangu ikifika, namwachia mwenye mtoto. Asipokuwapo mwenye mtoto, namwachia mwenye haraka. Asipokuwapo mwenye haraka, mimi mwenyewe napata haraka, naenda zangu kunywa chai.

Siku moja akaja Mzee Caleb, mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti ya kutangaza mazishi. Homa ilikuwa imemshika. Akaingia, na dirisha la maabara likiwa wazi, sisi wa benchini tukasikia yote.

"Karibu, baba," Everline akasema kwa Kiswahili chake safi cha shule. "Naomba nione mshipa wako."

Tukasikia Caleb anarudi hatua moja nyuma.

"Unasema nini, binti?"

"Mshipa, baba. Usiogope. Wa kulia au wa kushoto, wowote ulio mkubwa."

Benchi zima tukaacha kupumua.

"Nani amekuambia nina mshipa?" Caleb akanong'ona. Mnong'ono wa Caleb unasikika mpaka kijiji cha Kulesa.

"Kila mtu anao, baba! Hata wanawake wanao."

"Wanawake?"

"Tena wako nauona hata kabla hujakaa, umesimama vizuri kabisa. Wewe tulia. Nitaufunga kwa mpira hapa juu, nikaze, uvimbe. Ukishavimba naupigapiga kidogo kwa vidole, halafu naudunga sindano. Ni dakika moja tu."

Mzee Caleb hakutoka kwa mlango. Nasema hivi nikiwa na akili zangu: alitoka kwa dirisha, akaruka benchi na sisi tukiwa juu yake, akavuka barabara kuu ya Malindi, na lori la ng'ombe likafunga breki kumpisha. Homa yenyewe iliachwa pale ndani, ikabaki inamtafuta mwenyewe.

Wewe uliye mbali huenda hujaelewa. Kwetu huku mtu akisema fulani ana mshipa, hafikirii mkono. Anasema ngiri. Ule ugonjwa wa chini, unaomfanya mwanamume mzima atembee kama amebeba nazi ambayo hataki mtu aijue. Na Mzee Caleb nazi yake anayo, mji mzima unaijua, na mji mzima una adabu ya kutoitaja. Sasa mgeni, binti mdogo, amemwambia anaiona hata kabla hajakaa.

Ungekuwa mtu mwema ungeingia ndani ukamweleza mtoto wa watu. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Batula, mwenye hoteli ya chai ya maziwa ya ngamia karibu na soko, nikaanza kusimulia kabla sijakaa. Sikuongeza ila kidogo. Nilisema tu kwamba ule mpira ulikuwa tyubu ya baiskeli. Kufika jioni, Minjila wanasema ni tyubu ya trekta. Ngao walipoipata habari, tayari kulikuwa na nyundo.

Basi wanaume wakakauka maabara kama maji ya bwawa wakati wa ukame. Mtu ana malaria ya kutikisa kitanda, anasema ni baridi tu. Wake zao nao, kwa kuwahurumia waume au kwa kutaka kucheka, wakaacha kuja pia. Benchi nikabaki nalo mimi peke yangu, na sikuwa tena na mtu wa kumwachia zamu.

Everline akatoka, akaja akasimama mbele yangu.

"Mzee Buya, naambiwa habari ya tyubu ilitoka kwako."

"Tyubu ipi? Ya baiskeli au ya trekta?"

"Kwa hiyo ziko mbili!"

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Sikai. Nimewakosea nini watu wa hapa? Nawasalimia, nawaheshimu, namwambia kila mmoja kwa upole naomba nione mshipa wake, na..."

"Hapo hapo," nikasema. "Kaa hapo hapo, usiende mbele."

Nikamweleza. Nilizunguka sana kwa sababu ya umri wake na umri wangu. Nilipitia kwenye nazi, nikapitia kwenye mwendo wa Mzee Caleb, mpaka nikaona uso wake umebadilika.

"Mungu wangu," akasema. "Nilimwambia nitaupigapiga."

"Kwa vidole."

"Nilimwambia hata wanawake wanao!"

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji, na mimi nikacheka naye. Halafu kicheko chake kikakatika.

"Mkaguzi anafika kesho, mzee. Na sina mgonjwa hata mmoja. Nitamtolea damu nani, mlango?"

Nikamwambia atulie, hili nitalimaliza leo leo. Nikarudi hotelini, nikasimama katikati ya wanywaji, nikasema ukweli mtupu. Kwamba binti alitaka mkono. Kwamba mshipa kwa watu wa bara ni njia ya damu tu. Kwamba mpira ni utepe mwembamba, hakuna tyubu, hakuna nyundo.

Batula akanitazama, birika mkononi.

"Adeer, ami yangu Buya, umeumwa?"

"Nasema kweli, Batula."

"Hiyo ndiyo inanitia hofu. Siku zote uongo wako una chumvi, una pilipili. Leo umetuletea mkavu hivi, tuumeze na nini?"

"Wallahi ukweli!"

"Wewe Mkristo unamwapia nani? Juzi umeniapia mamba wa Kulesa alikushika mguu, akakuonja, akakuachia akatema mate."

"Hilo nalo ni kweli."

Watu wakaangua kicheko. Batula akaweka birika chini. "Haya. Kama ni mkono tu, na ni utepe tu, mbona wewe mwenye cheti cha daktari umekaa benchi lile tangu mvua ziishe na mkono wako bado mzima? Nenda wewe kwanza. Ukirudi unatembea vizuri, nitampeleka na mume wangu."

Nikamwambia kesho mkono wangu ndio wa kwanza.

Asubuhi yake nikaingia maabara. Mkaguzi alikuwa amefika, Bwana Abdiwahab, mtu mrefu mwenye miwani na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likaogopesha. Alikaa pembeni, karatasi ya alama magotini. Rosina amesimama ukutani amekunja mikono. Dirishani vichwa vimejaa, cha Batula kikiwa mbele.

"Karibu, babu," Everline akasema. "Daktari anataka tujue sukari yako. Naomba unyooshe mkono wako, nitoe damu kidogo hapa kwenye kiwiko. Utahisi kama siafu mmoja. Unakubali?"

"Nakubali," nikasema.

Sasa niseme kitu. Mamba nimepambana naye. Nyati aliwahi kunipisha njiani, akaomba radhi. Lakini mamba ana utu: hakufungi kamba kwanza, hakupaki spiriti ya baridi, wala hakuambii pumua. Mishipa yangu ni mikubwa, watoto huiona wakadhani ni nyoka. Siku ile ilipoona sindano, ilishuka chini yote, ikaenda kujificha nadhani karibu na magoti.

Everline akafunga utepe. Akapapasa. Akapapasa tena. Akadunga.

Hakuna kitu.

Akachomoa, akaweka pamba. Abdiwahab akaandika neno. Nikasikia Rosina anavuta pumzi.

"Babu," Everline akasema polepole huku anahamia mkono wa pili, "umekaza sana. Legeza ngumi."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza. Umekaza kama kiboko wa kwetu siku alipoambiwa aimbe peke yake."

Nikageuza kichwa. "Kiboko gani?"

"Wa Budalang'i. Kwani huku hamkumsikia? Mwaka ule mto ulipofurika, maji yaliingia mpaka kanisani. Kwaya ikaamua haiachi mazoezi, ikaimba ndani ya maji. Kiboko akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama safu ya besi."

"Uongo."

"Mwalimu wa kwaya haoni vizuri. Akasema, wewe wa nyuma, mnene, fungua mdomo zaidi."

"Akafungua?"

"Akafungua! Waliokuwa mbele yake wakapoteza vitabu."

Nje dirishani mtu akacheka. Mimi nilikuwa natafuta kosa kwenye hadithi ile, maana mimi ni fundi na kazi ya fundi mwenzangu naikagua. "Subiri. Kwaya zote zina joho. Huyo joho alipata wapi?"

"Walimshonea. Lilimfika mabegani tu, huko nyuma akabaki hivyo hivyo. Akina mama wa sauti ya kwanza wakalalamika kwa padri."

"Kwa haki kabisa. Na padri akasema nini?"

"Padri akasema, nyinyi mna joho zima na hamfiki kwa wakati, huyu ana nusu joho na hajakosa hata siku moja. Akampa shairi aimbe peke yake, Jumapili ya mitende."

"Mbele ya askofu?"

"Askofu alikuwa amekaa karibu kama alivyokaa Bwana Abdiwahab pale. Kiboko akapanda, akakohoa, akakaza ngumi..."

"Kiboko hana ngumi, mwanangu. Hapo umeharibu."

"Basi akalegeza. Kama ulivyolegeza wewe sasa hivi. Bonyeza pamba hapa, babu, usikunje mkono."

Nikaangalia chini. Chupa ilikuwa mkononi mwake, imejaa, nyekundu, yangu mimi. Anaipindua polepole juu chini, juu chini, kama alivyofundishwa. Utepe ulishafunguliwa. Sindano ilishaingia kwenye sanduku lake la kutupia. Siafu hata hakupita.

Dirishani wakapiga vigelegele. Batula akapaza sauti, "Adeer, simama tuone unavyotembea!" Nikasimama, nikatembea mpaka mlangoni na kurudi, mara mbili, nikageuka kila upande waone hakuna kilichofungwa. Nje nikasikia wanaume wanaanza kugombana nani alitangulia kwenye foleni.

Everline hakuangalia dirishani. Alikuwa anaandika jina langu kwenye chupa, polepole, na alipomaliza akaisoma tena kulinganisha na cheti. Kisha akamgeukia mkaguzi, akangoja, vidole vimeshikana.

Abdiwahab alikuwa hajaandika kitu muda mrefu. Kalamu ilikuwa hewani. Akavua miwani, akaifuta kwa lile koti lake la pasi, akaivaa. Akasaini chini ya karatasi, akampa Rosina aone, na Rosina akatabasamu.

"Umefaulu," Abdiwahab akamwambia Everline. Akainuka, akafika mlangoni, akasita. "Na huyo kiboko? Aliimba mbele ya askofu, au hakuimba?"

"Sijui, mwalimu," Everline akasema. "Aliishia pale chupa ilipojaa."