Majani Mekundu ya Kagerankanda

Daktari Nickson alifungua mkanda wa kipimo cha presha mkononi mwa Bazilio, akasoma namba, akatikisa kichwa.

"Dawa utaendelea nazo," alisema, "lakini dawa tupu hazitoshi. Kutwa umekaa dukani, usiku hulali. Mvua za kwanza zimenyesha, miti inachipua. Nenda porini asubuhi, tembea, vuta hewa. Mimi kwetu Njombe nikizidiwa na mawazo nilikuwa naingia msituni, nikitoka najisikia mtu mpya."

"Sawa, daktari," Bazilio alijibu, akachukua dawa zake akaondoka.

Hakumwambia kwamba msitu ndio uliokuwa ukimnyima usingizi. Pale Kasulu mjini watu walimfahamu kama muuza mabati na misumari, mtu wa utani na wateja. Wachache walijua kwamba alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na miaka saba, na mama yake, na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya. Walitembea usiku, mchana wakalala vichakani huku mvua ikiwanyeshea, na wenye mapanga wakipita karibu kiasi cha kusikia wanachoongea. Mama alikuwa akimziba Bazilio mdomo kwa kiganja. Mdogo wake hakufika.

Mkewe, Epifania, alijua yote. Kila mvua zilipoanza alimsikia mumewe akiruka kitandani, jasho likimtiririka.

"Tutaenda kwa mama, Kagerankanda," alisema baada ya kusikia ushauri wa daktari. "Uyoga umeota. Tutaingia kidogo tu, Baba Ange. Ukishindwa tunarudi."

"Na nikishindwa mbele ya mama yako?"

"Mama hatabaki kutuchungulia. Ana shamba lake la kulima."

Jumamosi wakaenda. Mama mkwe, Josepha, aliwapokea, akawapa kikapu na kuwaonyesha njia inayopita pembeni ya mihogo. "Msikawie," alisema. "Wingu lile si la kuchezea."

Miombo ilikuwa imevaa majani mapya, mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Chini, ardhi iliyoungua kiangazi ilikuwa imetoa nyasi changa, na harufu ya udongo uliolowa ilipanda hadi kooni. Epifania alivuta pumzi akatabasamu. Bazilio alikuwa akitazama mashina. Kila shina aliliona linatosha kumficha mtu.

"Humura," Epifania alimwambia kwa Kirundi. Usiogope. Akamshika mkono; vidole vya mumewe vilikuwa baridi kama vya mgonjwa.

Walichuma uyoga chini ya mti wa kwanza, kisha wa pili. Ndege mmoja alikuwa akiita juu, na Bazilio akajikuta anamsikiliza. Mabega yake yakashuka kidogo. Alifikiri, labda daktari hakukosea.

Epifania akaona uyoga mwingine mkubwa mbele, penye nyasi ndefu karibu na kichuguu. "Nisubiri hapo," akasema. Matone ya kwanza yakaanza kupiga majani.

Kisha kikasikika kishindo cha matawi kuvunjika, yowe moja fupi, na kimya.

Bazilio alilala chini. Hakuamua kulala, mwili wenyewe ulijitupa, uso ukazama kwenye tope, pumzi akaibana. Mvua ikamwagika. Alikuwa na miaka saba tena, akisubiri nyayo.

"Baba Ange!" sauti ya mkewe ilitokea kama chini ya ardhi. "Bazilio! Nimeanguka shimoni! Mguu wangu!"

Alimsikia vizuri. Alitaka kujibu, mdomo ukakataa kufunguka.

"Bazilio, uko wapi? Maji yanaingia!"

Neno hilo la maji ndilo lililomwondoa pale. Hakusimama, alitambaa, viwiko vikichubuka, akifuata sauti hadi nyasi zikaisha ghafla mbele yake. Lilikuwa shimo la wapasua mbao, la kupasulia magogo. Walilichimba, wakamaliza kazi yao, wakaliacha wazi, na majani yakalifunika. Kina chake kilipita urefu wa mtu. Epifania alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea ukuta wa udongo, na maji mekundu kutoka mteremkoni yalikuwa yakimiminika humo kama ya bomba lililopasuka. Yalikuwa yameshafika magotini.

Alipouona uso wa mumewe, akaanza kulia. "Nilidhani umekimbia."

"Nipo." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Alinyoosha mkono, hawakufikiana. Alitazama huku na huku. Upande wa pili, ndani zaidi msituni, kulikuwa na gogo jembamba lililoachwa na wapasua mbao hao. Ili alifikie, ilimbidi apite katikati ya mashina yale, mahali ambapo asingemwona mkewe.

"Ongea," alimwambia. "Usinyamaze hata kidogo. Ongea chochote."

"Niongee nini?"

"Chochote, Mama Ange!"

Epifania akaanza kuongea kwa sauti kubwa, meno yakigongana: mtoto wao Ange hataki dagaa, jogoo wa jirani amehamia kwao, kwaya wamebadilisha sare. Bazilio alikwenda. Tawi likavunjika nyuma yake, akakumbatia mti akiwa amefumba macho. Hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya porini maishani mwake: akapiga kelele.

"Nipo! Nipo hapa! Nakuja!"

Hakuna aliyetokea na panga. Msitu ulijibu kwa mvua tu. Akalivuta gogo huku anapiga kelele, akaliteremsha shimoni, akashusha mkono mmoja na kumrushia Epifania ncha ya kitenge chake kilichokuwa kimebaki juu kwenye kikapu. Epifania akapanda gogo, akateleza, akajaribu tena, akateleza tena. Mara ya mwisho wote wawili walianguka juu ya nyasi, wakabaki wameshikana huku wakihema.

Alimbeba mgongoni hadi kwa Josepha. Mguu ulikuwa umeteguka. Walipofika uani, Bazilio alikaa chini akatapika, kisha akalia kwa sauti mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo mkwe hafanyi. Josepha alimwekea maji ya kunawa, akageuka na kwenda kukoleza moto, kama mtu ambaye hakuona kitu.

Alipomrudia Daktari Nickson, presha ilikuwa imepanda. Safari hii alimsimulia yote. Daktari aliweka kalamu mezani.

"Ningejua, nisingekutuma hivyo," alisema. "Samahani, kaka. Nilikuzungumzia msitu wa kwetu, sikukuuliza habari za wa kwenu." Akampeleka kwa mama mmoja wa ushauri nasaha, na Bazilio akaanza kwenda kwake kila wiki.

Mguu wa Epifania ulipopata nguvu, walirudi Kagerankanda. Hawakuingia ndani. Walikaa ukingoni mwa shamba, miti ikiwa mbele yao, chupa ya chai katikati. Majani yalikuwa yameanza kugeuka kijani. Bazilio alikuwa akiyatazama mashina, moja baada ya jingine.

"Tuondoke?" Epifania aliuliza.

"Naogopa," alisema. Kisha akasogeza kikombe chake. "Nimiminie kwanza."