Mkuki Mlangoni kwa Namnyaki

Mimi nina mdomo, najijua. Jioni ile nilipouona mkuki umechomekwa mlangoni kwa mke mwenzangu Namnyaki, nilipiga kelele kila nyumba ikasikia. "Jamani! Huyu si mzazi wa siku sita?"

Kwetu Olmotonyi, mtu wa rika la mumeo akija mgeni huchomeka mkuki wake mlangoni, nawe una hiari: umkaribishe alale, au umwambie asogee mbele. Mimi nimewasogeza wengi. Lakini kwa mzazi? Hata mumewe hakanyagi humo.

Mwenye mkuki, Meitamei, alikuwa ametoka mbali na hakujua kuna mtoto. Kichanga kilipolia alichomoka ndani kashika kichwa. "Shemeji, nilimwuliza! Kasema karibu, tena anacheka!"

Nikaingia. Namnyaki alikuwa amempakata mtoto, bado anatabasamu.

"We mwanamke, una wazimu? Kwa nini hukumkatalia?"

"Anayekataa anapigwa, dada."

"Nani amekupiga hapa?"

Nilijua hakuna. Mume wetu Lemburis hajawahi kumnyooshea hata kidole. Ndipo akanieleza, macho yakiwa kwa mtoto.

"Tulipobebeshwa mawe ya boma la Wajerumani kule Arusha, mama alisema amechoka. Wakamlaza chini, wakamchapa kiboko hamsa wa ishirini. Hakuinuka tena. Askari akanigeukia, akaniuliza kama nami nimechoka. Nikacheka. Nikamwambia sijachoka hata kidogo. Akaniacha."

Nikakaa chini pu! Miaka mitano tumemtania mtoni, eti nyumba ya Namnyaki haina mlango, naye anacheka pamoja nasi.

"Na wale wageni wote? Hukumtaka hata mmoja?"

Akatikisa kichwa, meno yote nje.

Mama yangu mzazi! Wale wageni niliwaelekeza mimi. Kila nilipochoka na watu nilisema, nendeni kwa Namnyaki, yule hakatai. Hata huyu Meitamei, mwaka jana ni mimi niliyemwonyesha mlango ule, kisha nikaenda zangu kulala. Nilijiona mwerevu kweli.

Nikamshika miguu, machozi yananitoka. "Namnyaki, nimekukosea. Nakuomba unisa..."

"Ndiyo, dada, nimekusamehe," akanijibu upesi hata sijamaliza, kwa tabasamu lile lile alilomkaribishia Meitamei.