Gurudumu la Behewa la Nne

Evert Lindmark aligonga gurudumu la behewa la nne kwa nyundo yake, akasikiliza, kisha akagonga tena. Mengine yote yalikuwa yameitika kama kengele. Hili lilitoa sauti ya chungu kilichopasuka.

Juu yake, madirishani, askari wa Kijerumani walikuwa wakila mkate. Walikuwa wanakwenda Norwe, nchi waliyoivamia mwaka uliopita. Uswidi haikuwa vitani na mtu, ila reli yake ilikubali kuwapitisha, na kazi ya Evert pale stesheni ilikuwa kuhakikisha wanafika salama. Mkewe, Ragnhild, alikuwa Mnorwe. Kaka yake aliuawa katika uvamizi ule, akazikwa bila Ragnhild kuweza kuvuka mpaka.

Evert alibaki amechuchumaa kwenye theluji. Mbele kulikuwa na mteremko, kona, na daraja. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Mbona umeganda, mzee?" Algot, dereva wa treni, alichungulia kutoka kwenye injini. "Au umepata mchumba huko chini?"

Walianza kazi siku moja, yeye na Algot. Evert akatoa chaki, akachora msalaba.

"Lina ufa," alisema. "Behewa hili haliendi."

Askari wakashushwa, wakabanana kwenye mabehewa mengine. Ofisa wao akavua glavu, akamshika Evert mkono, akautikisa kwa muda mrefu mbele ya watu wote. Ragnhild alikuwa dirishani pa mgahawa wa stesheni, akimimina kahawa.

Jioni Evert alimkuta nyumbani akimenya viazi.

"Ulilisikia vizuri?" Ragnhild aliuliza.

"Nililisikia."

"Ungeweza kunyamaza?"

"Algot angekufa. Na mtia makaa wake."

"Najua." Aliendelea kumenya. "Tangu saa nane najaribu kukukasirikia, nashindwa. Ungenyamaza, ningekuogopa. Umesema, na siwezi kuutazama huo mkono."

"Sasa nifanye nini, Ragnhild?"

"Sijui. Ningejua ningekwambia."

Kesho yake Evert alimwendea mkuu wa stesheni, Bwana Hedlund, akaomba kubadilishiwa kazi. Hata kufagia theluji, alisema, yuko radhi.

"Nikupe ufagio, na sikio kama hilo?" Hedlund alicheka. "Wale wamesema wataleta barua ya kukushukuru. Sisi hatupigani, Evert. Sisi tunaendesha treni."

Alhamisi Ragnhild alifunga sanduku. Alisema anakwenda kwa shangazi yake Sundsvall mpaka theluji iyeyuke. Hakusema ya mwaka gani. Evert akambebea sanduku hadi jukwaa la pili. Kabla treni ya Sundsvall haijafika, nyingine ya askari ikaingia kwenye reli ya katikati, na Hedlund akampungia Evert bendera aje kazini.

Akavuka reli, akainama, akaanza na behewa la kwanza. Chini ya mabehewa, upande wa pili, aliviona viatu vya Ragnhild: buti nyeusi zenye kamba za kijivu. Aligonga gurudumu, likaitika. Akasogea. Magurudumu yote yalikuwa mazima siku ile, moja baada ya jingine, na buti zilikuwa bado palepale zimemwelekea.

Kisha reli ya mbali ikaanza kutetemeka, treni ya Sundsvall ikiingia. Evert alikuwa amefika behewa la sita. Yalibaki kumi na moja.