Msindikizaji wa Eudocia

"Mimi foleni haijawahi kunishinda," Eudocia Mosquera alimwambia mlinzi wa ofisi ya bima, mjini Cali, asubuhi mlango haujafunguliwa. Kisha akacheka mwenyewe. "Isipokuwa Jumatatu. Na ile Alhamisi. Ila leo, kamanda, nimekuja na kigoda changu."

Utumbo wake ulishakatwa mwaka jana. Saratani ikahamia kwenye ini bila kubisha hodi. Daktari alimchorea madoa matatu kwenye karatasi: kwanza dawa ya kupitishwa mishipani ili yanywee, kisha kisu kiondoe kipande, maana ini huota tena kama mkia wa mjusi. Yakiachwa yakakua upya, kisu hakitafaa. Itabaki dawa ya kutuliza maumivu tu. Mizunguko sita ya dawa alishaimaliza, akitapika peke yake huku amekumbatia sinki. Madoa yakanywea. Ilibaki tarehe ya kisu. Kibali cha kwanza cha bima kiliisha akiwa foleni. Hiki cha pili alikipata baada ya kuwashtaki kwa hakimu, nacho kilikuwa kinaisha leo saa sita mchana.

Saa tano na nusu akafika dirishani.

"Msindikizaji wako yuko wapi, mama?" aliuliza binti wa nyuma ya kioo. "Asiye na mtu hatumpi tarehe. Ndiyo sheria."

"Ni mwanangu, Wilmar. Yuko chini anaegesha pikipiki."

"Hapo chini hawaruhusu kuegesha."

"Ndiyo maana anachelewa, mrembo wangu."

Foleni ikacheka. Wilmar alikuwa Chile mwaka wa nne sasa. Mara ya mwisho kupiga simu ilikuwa Krismasi, tena si Krismasi hii iliyopita.

"Namba yake umeijaza?"

"Nimeijaza."

Aliijaza bila wasiwasi. Miaka miwili amekuja pale, hajaona ofisi ile ikimpigia mtu simu, hata aliyekwisha kufa.

Binti akaitazama saa ya ukutani. Akaitazama fomu. Akanyanyua simu.

Ndani ya mkoba wa Eudocia, chini ya arepa, mkate wake wa mahindi uliofungwa kwa leso, simu ikaanza kulia kwa muziki wa salsa.

Foleni nzima ikageuka. Binti alimkazia macho kupitia kioo, simu bado sikioni.

Eudocia akaichomoa yake, akakipa kioo mgongo, akaikaza sauti iwe nzito.

"Haloo. Wilmar hapa. Napanda ngazi."