Vidole Viwili vya Meza

Meza ya kukatia ya mama ilikataa kuingia upande wangu kwa vidole viwili tu, na dada yangu akasimama pale akitikisa kichwa kama mfiwa.

"Pole, mdogo wangu. Basi ikae kwangu. Utakuwa unakuja kukata ukitaka."

Yaani niwe napiga hodi kwenye meza niliyojifunzia kazi. Tulikuwa tumeelewana vizuri tu: chumba cha ushonaji alichotuachia mama tukigawe sawa kwa sawa, yeye achukue cherehani kubwa, mimi meza. Dada ndiye aliyepima, maana ni mkubwa. Kutoka ukuta wake hadi alama ya katikati, sentimita mia na hamsini. Kutoka ukuta wangu hadi alama ile ile, mia na hamsini. Namba niliziona kwa macho yangu haya. Fundi seremala akasimamisha ukuta wa mbao.

Lakini roho ilikataa. Nikachukua uzi, nikaunyoosha kutoka ukuta wangu hadi kwenye mbao, nikaukata. Nikaenda kuulaza upande wa dada. Uzi uliisha, mbao bado iko mbali kiganja kizima.

Tepu mbili zilikuwa zinaning'inia shingoni mwake. Nikazivua, nikazilaza sambamba, mwanzo kwa mwanzo. Moja ilikuwa mpya. Nyingine ni ile kuukuu ya kitambaa, iliyovutika mpaka bibi harusi mmoja akaogelea ndani ya gauni letu. Nilimwambia aitupe, akaniapia ameitupa. Kumbe aliihifadhi, akapimia upande wake, na mia na hamsini yake ikawa ndefu kuliko yangu.

"Labda ulisahau kwamba hii imevutika," nikamwambia.

Nilikuwa namtafutia pa kutokea. Angesema ndiyo, tungecheka yakaisha.

"Sikusahau," akasema, macho kwenye meza. "Wewe mama alikufundisha kukata. Mimi aliniacha kwenye vifungo mpaka anakufa."

Si angeniambia? Ningemfundisha, hata meza ningempa. Iliniuma mpaka mate yakawa machungu, maana huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Fundi akakohoa, akauliza kama aisogeze mbao.

"Isogeze hadi katikati ya kweli," nikasema. Kisha nikamwonyesha kijimlango tulichomwomba aache kati yetu, ili tupate kuazimana sindano na kupiga soga. "Na hicho kizibe."